Rimoti ya gari imegoma na mzigo wa mteja uko ndani: jua kwanza ni kipi kilichokufa

Leo tuweke pembeni kidogo masuala ya kupiga picha na kupanga bei. Tuongelee kitu kinachokaa mfukoni, na ambacho kikigoma kinaweza kukulia siku nzima ya oda: rimoti ya gari.

Wengi wetu humu hatuna fremu. Duka letu ni simu, na stoo yetu ni buti la gari. IST, Vitz, Passo, Raum, Noah, ndiyo magari yaliyobeba viatu, mikoba, vyombo na keki za watu. Siku rimoti ikigoma, mzigo unabaki ndani, bodaboda amesimama pembeni anaangalia saa, na mteja anaandika "vipi dada, mbona kimya?" Presha ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu achomoe hela ya mtaji na kumpa mtu wa kwanza atakayemwambia "hii funguo imekufa, inabidi mpya".

Mimi nauza vifaa vidogo vya gari mtandaoni, yakiwemo makasha na betri za rimoti, kwa hiyo meseji za hivi nazipata karibu kila wiki. Na nitasema kitu kisichofaa sana kwa mauzo yangu: wengi wanaoniulizia rimoti mpya hawahitaji rimoti mpya. Wanahitaji betri. Wengine hata hiyo betri hawaihitaji.

Ukishika ufunguo wa gari wenye vitufe, umeshika vitu vitatu vilivyowekwa nyumba moja, na kila kimoja kinaweza kufa peke yake.

Cha kwanza ni chuma chenyewe, lile jino linaloingia kwenye kitasa. Cha pili ni rimoti, yaani saketi ndogo yenye betri inayorusha mawimbi ya redio ili milango ifunge na kufunguka. Cha tatu ndicho wengi hawakijui: chipu ya imobilaiza. Hii ni kitu kidogo sana. Kwenye funguo nyingine iko kama punje ya mchele ya kioo, kwenye nyingine ni kipande cheusi kama mkaa, imejificha kwenye kichwa cha ufunguo. Chipu hiyo haina betri wala haihitaji. Ukiingiza ufunguo kwenye swichi, kuna koili iliyozunguka tundu la swichi inayoirushia nguvu kidogo, chipu inajibu kwa namba yake, gari likiitambua namba hiyo ndipo linaruhusu injini iendelee kuwaka.

Maana yake kwako ni nini? Kama gari lako ni la kuingiza ufunguo na kuzungusha, betri ya rimoti kuisha hakuzuii gari kuwaka. Fungua mlango kwa jino, kaa, washa, peleka mzigo wa watu. Betri utanunua jioni. Na kinyume chake: kama milango inafunguka vizuri kwa rimoti lakini injini haiwaki, usihangaike kununua betri ya rimoti, tatizo haliko huko. (Baadhi ya magari yaliyouzwa Japani hayakuwekewa imobilaiza kabisa, kwa hiyo yanawaka na ufunguo wowote uliochongwa vizuri. Kuchonga ni rahisi, na kuibiwa pia ni rahisi.)

Ndiyo maana mtu akiniandikia "rimoti yangu imekufa", swali langu la kwanza ni hili: milango haifunguki, injini haiwaki, au vyote viwili?

Kama ni vyote viwili kwa pamoja, acha kuutazama ufunguo, litazame gari. Washa taa kubwa, piga honi. Taa zikiwa hafifu au honi ikilia kama inaomba msamaha, betri ya gari lenyewe imechoka. Gari lisilo na umeme haliwezi kuisikia rimoti hata iwe imetoka kiwandani asubuhi hiyo. Hapo unahitaji kubusti, siyo fundi funguo.

Halafu kuna ufunguo wa pili, ule uliowekwa kwenye droo ya kabati tangu gari linunuliwe. Hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote na hakina gharama. Ufunguo wa pili ukifanya kazi, ugonjwa uko kwenye ufunguo wa kwanza. Yote miwili ikigoma, ugonjwa uko kwenye gari: fyuzi, kipokea mawimbi, au jambo dogo kama mlango mmoja ambao haukufungwa vizuri. Rimoti mbili kufa siku moja ni nadra sana. Mtu akitaka kukuuzia rimoti mbili kwa mpigo, muulize kwanza fyuzi ameiangalia?

Angalia pia uko wapi. Rimoti ya gari ni redio dhaifu sana, na mahali penye mawimbi mengine yenye nguvu, mfano karibu na mnara, sauti yake inamezwa. Kama imegoma mahali fulani tu, na ukifika nyumbani inafanya kazi kama kawaida, rimoti yako ni nzima. Sogea karibu kabisa na mlango, bonyeza tena. Kuna mbinu moja watu huniona kama nafanya mazingaombwe: weka rimoti chini ya kidevu halafu bonyeza. Mwili wa binadamu una maji mengi na husaidia mawimbi kufika mbali kidogo. Kama ikiwa mkononi haifiki lakini chini ya kidevu inafika, betri imeanza kuchoka. Haijafa, lakini inakuaga.

Kuna video zinazozunguka zikisema uelekeze rimoti kwenye kamera ya simu, ukiona mwanga ujue ni nzima. Kipimo hicho ni cha rimoti ya TV, ambayo inatumia mwanga usioonekana kwa macho. Rimoti nyingi za gari zinatumia redio, na kamera haioni redio. Watu wametupa rimoti nzima kwa sababu ya video hizo. Kilicho cha kuangalia ni kile kitaa kidogo kilichopo kwenye baadhi ya rimoti: ukibonyeza kikawaka hafifu au kisiwake kabisa, anza na betri.

Sasa betri. Usiende dukani ukasema "nipe betri ya rimoti ya gari". Fungua, soma namba iliyoandikwa juu ya betri ya zamani, nenda na hiyo namba. Namba zenyewe zina maana: CR2032 ni kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ni kipenyo hicho hicho, unene 2.5. CR2016 unene 1.6. CR1632 ni kipenyo cha 16, unene 3.2. Zote ni volti 3, ndiyo maana muuzaji atakuambia "zote sawa tu". Si sawa. Ukiweka ya 2025 kwenye nafasi ya 2032 itafanya kazi pale dukani, kisha ukipita kwenye rasta mbili tatu inachezacheza na rimoti inakata. Unarudi kulalamika kwamba betri feki, kumbe ni nyembamba.

Kama gari lako lilifungwa alamu hapa hapa nchini baada ya kununuliwa, rimoti ya alamu mara nyingi inatumia betri nyingine kabisa, kiduara kirefu kama kipisi cha sigara kilichoandikwa 27A au 23A, volti 12. Hiyo huwezi kuibadilisha na ya volti 3 hata ukiibembeleza.

Kufungua rimoti hakuhitaji nguvu. Nyingi zina mfuo mdogo pembeni. Ingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, zungusha taratibu. Piga picha kabla hujatoa betri, upande wa jumlisha umeangalia wapi, maana mikono ya haraka inageuza. Betri mpya ishike kwa kingo, usiibane juu na chini kwa vidole vyenye jasho au mafuta ya chipsi. Angalia vile vibati vinavyoigusa betri: vikiwa vyeusi au na kutu ya kijani, futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, na kama vimelala, vinyanyue kwa uangalifu. Sisi wa pwani tuna joto, jasho na hewa ya chumvi, na uchafu wa vibati peke yake unatosha kuiua rimoti yenye betri mpya.

Fundi simu yeyote ana mita ya kupimia. Betri mpya ya aina hii inasoma volti 3 na kitu juu. Ukinunua betri mpya ikasoma 2.7, hiyo imekaa dukani muda mrefu kuliko wewe ulivyokaa kwenye biashara. Rudisha. Nunua zilizo ndani ya pakiti yake iliyofungwa, siyo zilizomwagwa kwenye kopo zikigusana, kwa sababu zikigusana zinamalizana umeme.

Na hapa nasimama kidogo kwa sababu wengi wetu tunafungashia mizigo nyumbani, watoto wako miguuni. Betri hizi bapa mtoto akimeza si jambo la kusubiri itoke. Ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza nyama za ndani ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Kimbia hospitali na useme amemeza betri. Betri uliyoitoa ifunge kwa selotepu kisha iweke pasipofikika. Kampuni nyingine hupaka betri dawa chungu ili mtoto ateme. Ni jambo jema, ila kwenye baadhi ya vifaa tabaka hilo huzuia mguso, hivyo betri mpya ikigoma, ifute kwa spiriti kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Magari ya kubonyeza kitufe ndiyo yanayoogopesha watu zaidi, kwa sababu hayana pa kuingiza ufunguo. Kuna dada anauza keki, ananunua kwangu vifaa vya gari lake, akanipigia Jumamosi moja saa sita mchana. Keki ya harusi ya watu iko ndani, gari liko juani, rimoti haifungui, na jamaa aliyekuwa pale ameshamwambia gari livutwe hadi kwa fundi. Unajua kirimu ya keki inavyokaa kwenye gari lililofungwa vioo juani. Nikamwambia, dada, geuza hiyo rimoti, kuna kitelezi kidogo pembeni, kisukume halafu vuta. Kikatoka kijino cha chuma. Hakuwahi kujua kimo humo, na gari anaendesha mwaka wa tatu.

Rimoti nyingi za magari ya kubonyeza zina kijino hicho ndani. Tundu lake liko kwenye kitasa cha mlango wa dereva, na kwenye magari mengine limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki ambacho unakibandua taratibu. Alamu inaweza kulia ukifungua hivyo. Usikimbie, ukiwasha gari kwa njia sahihi itanyamaza. Kwa Toyota ya kubonyeza yenye gia otomatiki, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, subiri kilie "pii", kisha bonyeza mara moja bila kuchelewa. Chipu ile ile isiyohitaji betri ndiyo inayosomwa pale. Magari ya kampuni nyingine yana sehemu yake, mengine ni kijishimo cha kuchomeka rimoti, mengine ni alama karibu na usukani au kwenye kiboksi cha katikati. Kitabu cha gari kinasema ni wapi. Kama kitabu chako ni cha Kijapani, michoro inatosha.

Keki ilifika. Betri alinunua njiani.

Nikiwa hapo hapo kwenye magari ya kubonyeza: rimoti zake zinakula betri hata usipozibonyeza, kwa sababu muda wote zinasikiliza kama gari linaita. Vitabu vya Toyota vinataja mwaka mmoja hadi miwili kwa betri moja, na vinashauri rimoti isikae ndani ya mita moja na vitu kama TV, kompyuta na chaja za simu, maana kelele ya vifaa hivyo inaifanya rimoti isipumzike. Sasa fikiria meza ya muuzaji wa mtandaoni: simu mbili, chaja tatu, taa ya kupigia picha, kompyuta, na rimoti imelala katikati yao usiku kucha. Itundike ukutani mbali na hapo. Lakini siyo karibu na mlango wa nje kiasi kwamba gari lililopaki barazani linaendelea kuisikia, nalo hilo linachosha betri.

Jambo hilo hilo linatokea kwenye mkoba. Umeweka rimoti, simu mbili na pawabenki pamoja, unabonyeza kuwasha, gari linaandika kwamba halioni ufunguo. Kabla hujapaniki, toa rimoti, itenganishe na simu, ishike mkononi, jaribu tena. Simu haijaua chipu. Imeiziba tu.

Betri mpya umeweka, ni ya namba sahihi, vibati visafi, bado milango haisikii. Hapo tunaingia kwenye suala la kupoteana. Rimoti nyingi hazitumi namba ile ile kila siku. Kila ukibonyeza namba inasogea mbele, na gari linasogea nayo, ili mwizi akiinasa ya leo isimsaidie kesho. Gari linavumilia rimoti ikiwa imetangulia kidogo. Lakini mtoto akikaa na rimoti sebuleni akabonyeza mara mia tano akicheza, rimoti imefika mbali na gari limebaki nyuma. Kwenye magari mengine inatosha kuwasha gari kwa ufunguo na kubonyeza rimoti ukiwa ndani, zinakutana tena. Kwenye mengine inabidi rimoti isajiliwe upya.

Kuna maelekezo mengi ya kusajili mwenyewe: fungua mlango mara mbili, ingiza ufunguo, toa, funga mlango, na kadhalika. Mengine ni ya kweli, lakini yanatofautiana kwa aina ya gari na mwaka, na kwa magari mengi ukiingia kwenye hali ya usajili, rimoti za zamani zinafutwa zote. Ukiamua kujaribu, kaa na rimoti zako zote mkononi ili uzisajili kwa pamoja. Na usijaribu ukiwa na oda za kupeleka. Jaribu Jumapili.

Kama kitufe kimoja tu ndicho kimegoma, mfano kufunga kunakubali na kufungua hakukubali, usajili hauhusiki wala betri haihusiki. Chini ya mpira kuna kiswichi kidogo kilicholehemiwa kwenye saketi, na kile tunachobonyeza zaidi ndicho kinachochoka kwanza. Fundi simu anakibadilisha, ni kazi ya muda mfupi. Rimoti iliyofuliwa na suruali nayo si lazima iwe imekufa: toa betri haraka, usiibonyeze kujaribu, osha saketi kwa spiriti, acha ikauke vizuri kabisa hata siku mbili. Mchele upike.

Sasa kwenye makasha, na hapa naomba mnisikilize vizuri hasa mnaoyauza. Kasha la rimoti likipasuka au mpira ukitoboka, si lazima ununue ufunguo mpya. Kasha tupu linauzwa, unahamisha vya ndani. Tatizo ni kwamba mtu anahamisha saketi na betri, anafunga, anafurahia kasha linang'aa, na lile la zamani analitupa. Milango inafunguka. Anaingia kwenye gari, stata inazunguka, injini inashika kidogo kisha inazima, au haishiki kabisa, na kitaa cha ufunguo kinapepesa kwenye dashibodi. Chipu imebaki kwenye kasha la zamani, na kasha la zamani liko kwenye lori la taka.

Kwenye rimoti nyingine chipu imo kwenye saketi na huwezi kuisahau. Kwenye nyingine imekaa peke yake kwenye kijishimo cha plastiki, wakati mwingine imegandishwa kwa gundi, na ukiikandamiza kwa bisibisi inavunjika. Mimi kila ninayemuuzia kasha namtumia ujumbe mmoja kabla mzigo haujatoka: "Usitupe la zamani mpaka gari liwake mara tatu." Tangu nianze kuutuma, ugomvi na wateja kuhusu makasha umepungua sana. Na kama mteja anataka jino la zamani lihamie kwenye kasha jipya na jino halitoki, mwelekeze kwa mchonga funguo, asilipige nyundo.

Wanaoagiza rimoti nzima kutoka China, muonekano hauwaambii kitu. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama pacha, moja inafanya kazi karibu na megahezi 315 kama ilivyo kwa magari mengi ya Japani, nyingine 433.92 kama ya Ulaya. Hazitasikilizana na gari hata fundi akeshe. Linganisha megahezi, aina ya chipu na namba iliyoandikwa kwenye saketi ya rimoti ya zamani. Muuzaji wa huko akishindwa kukupa vitu hivyo vitatu, usilipe. Na rimoti za mtumba za magari ya kubonyeza ni za kuogopa zaidi: nyingi zimefungwa kwenye gari la kwanza, na bila mtu mwenye kifaa cha kuzifungua, zinabaki pambo.

Gharama kubwa kabisa kwenye habari hii yote haiko kwenye betri, kasha wala kiswichi. Ni kupoteza ufunguo pekee ulionao. Magari mengi ya mtumba yanashuka bandarini na ufunguo mmoja, tunafurahi tumepata gari, tunasahau. Ukiwa na ufunguo unaofanya kazi, kuongeza wa pili ni kazi nyepesi, fundi anausajili kwa kutumia ule uliopo. Ukiwa huna hata mmoja, inabidi mlango ufunguliwe, jino litengenezwe kutoka kwenye kitasa, na imobilaiza ifutwe na kuanzishwa upya, mara nyingine kwa kuifungua boksi yake. Siku hiyo bei anapanga fundi. Kama gari ndilo stoo yako, ufunguo wa pili uingize kwenye bajeti ya biashara, kama unavyoingiza vifungashio.

Ukienda kuutengeneza, kaa pale pale uone funguo zako. Mwishoni muombe fundi akuonyeshe gari linawaka kwa wa zamani na kwa mpya, milango inafunga kwa yote miwili, na kama kifaa chake kinaonyesha idadi ya funguo zilizosajiliwa, aisome mbele yako. Umeenda na mmoja, umetoka na miwili, idadi iwe miwili.

Kuna wakati rimoti inagoma kwa sababu kuna mtu anataka igome. Afrika Kusini mchezo huu unajulikana sana: umepaki, umeshuka, unabonyeza kufunga huku unaondoka, na mtu aliyekaa pembeni anabonyeza rimoti nyingine, hata ya geti, kuziba mawimbi yako. Gari halikufunga. Wewe umeshaingia dukani, yeye anafungua mlango kama gari lake, anachukua mzigo, haachi hata mkwaruzo. Dawa yake haihitaji kifaa: usibonyeze huku unatembea. Simama, sikiliza loki zikishuka, angalia taa zikipepesa, kisha vuta kitasa kwa mkono. Unapopaki Kariakoo na oda ishirini kwenye buti, hizo sekunde tatu unazo. Rimoti ikikataa kufunga hapo, funga kwa jino au hamia maegesho mengine.

Jambo la mwisho linawahusu wanaouza laivu. Nimeona wengi wanapanga bidhaa mezani na ufunguo wa gari umelala pembeni, jino limeangalia kamera. Meno ya ufunguo yanaweza kusomwa kwenye picha safi na kuchongwa. Weka droo.

Wanaotaka kuniulizia kifaa, nitumieni aina ya gari, mwaka, ni la kubonyeza au la kuzungusha, namba iliyo kwenye betri, na picha ya rimoti upande wa mbele na wa saketi. Jino lifunikeni kwa kidole. Na kabla hamjatuma, jaribuni ule ufunguo wa kwenye droo.